Corolla 110 inayomisi ikishapata moto: kisa cha tapeti iliyobana bila kupiga kelele

Gari ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,498, gia otomatiki, teksi ya Dar es Salaam iliyofungwa mtungi wa gesi asilia. Dashibodi inaonyesha zaidi ya kilomita 240,000. Asubuhi inawaka mara moja na kutulia. Ikitembea dakika kumi hivi na kusimama kwenye foleni, gia ikiwa D na AC inafanya kazi, usukani unatetemeka, viti vinatikisika, na eksozi inatoa mlio wa kukatika: pu-pu-pu, kimya kidogo, pu-pu. Ukikanyaga mafuta hadi mizunguko 1,500 kwa dakika, yote yanaisha. Barabarani inavuta kama kawaida, labda imelegea kidogo kwenye mlima.

Kabla ya kupimwa ilikuwa imeshanunuliwa plagi nne, nyaya za plagi, kifuniko cha distribyuta na rota. Vali ya sailensi, inayopitisha hewa injini ikiwa inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, ilisafishwa mara mbili. Nozeli zinazopulizia mafuta zilipelekwa kwenye mashine. Kila kimojawapo kinaweza kweli kuleta dalili hizi, na ndiyo sababu orodha ya kununua ilikuwa ndefu. Kilichokosekana ni kipimo cha kuonyesha silinda ipi ina shida na kwa nini ni lazima injini iwe ya moto.

Injini ya baridi inabebwa. Kompyuta inaizidishia mafuta na kuifungulia hewa zaidi, mizunguko inapanda hadi 1,300 au 1,500, na silinda dhaifu inavutwa na wenzake bila dereva kujua. Maji yakifika nyuzi 80 na kitu, msaada huo unaondolewa: mafuta yanapunguzwa, mizunguko inashuka hadi 750 hivi, na kompyuta inaanza kufuata sensa ya oksijeni. Wakati huohuo vyuma vyenyewe vimetanuka. Kwa hiyo kumisi kwa injini ya moto, yaani silinda kuruka zamu yake ya kuwaka, kuna asili mbili: kasoro iliyokuwepo tangu asubuhi ikafichwa na mafuta mengi, na kasoro inayozaliwa na moto wenyewe. Zinatofautishwa kwa kupima jambo lilelile mara mbili, injini ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Kisa hiki chote kiliamuliwa na kanuni hiyo.

Kwanza, je, moto wenyewe ni wa kweli? Gari nyingi za umri huu zimetolewa thamostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na fundi aliyekuwa anahangaika na rejeta kuchemka. Injini isiyo na thamostati inaweza kukaa nyuzi 60 kwa muda mrefu barabarani, kompyuta ikaendelea kuilisha kama mgonjwa, plagi zikawa nyeusi. Hii ilikuwa nayo, ya kufunguka nyuzi 82, na bomba la juu la rejeta lilipata moto ghafla kama inavyotakiwa. Sensa ya joto la maji ilisoma kiloomu 0.3 injini ikiwa ya moto. Kawaida ni kiloomu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Sensa ilikuwa nzima.

Pili, mauntingi, yaani mipira inayoshikilia injini. Mauntingi iliyopasuka inatikisa gari bila injini kumisi. Weka kiganja sentimita chache nyuma ya bomba la eksozi: pumzi ikitoka kwa mapigo yaliyo sawa, angalia mauntingi; ikirukaruka, injini inamisi kweli. Hapa ilirukaruka. Kipande cha karatasi kilichoshikwa mdomoni mwa bomba kilivutwa ndani mara kwa mara badala ya kusukumwa tu nje. Hiyo ni ishara ya zamani ya vali ya eksozi isiyofunga, ila isiaminiwe peke yake, kwa sababu silinda isiyowaka kwa sababu nyingine yoyote inaweza kufanya vivyo hivyo.

Taa ya cheki injini haikuwaka. Kuunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha vipimo chini ya boneti kulitoa mmweko wa mfululizo ulio sawa, yaani hakuna kodi ya hitilafu. Hilo lisimtulize mtu. Kompyuta za kizazi hiki hazihesabu kumisi. Silinda nzima inaweza kufa na taa ikakaa kimya.

Sasa gesi, ambayo kwenye gari kama hii inaweza kukudanganya au kukusaidia kuliko kifaa chochote. Mfumo wa gesi wa nozeli nne huwasha injini kwa petroli, kisha unahamia gesi maji yakipata joto lililowekwa na fundi. Dereva akisema "inaanza kumisi ikipata moto", huenda anasema bila kujua kwamba inaanza kumisi ikihamia gesi. Basi ikiwa ya moto, bonyeza swichi urudishe petroli. Ikitulia kwenye petroli, tafuta upande wa gesi: filta, shinikizo la regyuleta, nozeli za gesi, na pia plagi na nyaya, kwa sababu gesi inadai cheche yenye nguvu zaidi na waya mchovu huonekana kwenye gesi kwanza. Mafundi wengi hupunguza pengo la plagi hadi milimita 0.7 au 0.8 kwa sababu hiyo. Ikitulia kwenye gesi na kumisi kwenye petroli, tafuta nozeli za petroli au pampu. Gari hii ilimisi sawasawa kwenye vyote viwili. Swichi moja iliondoa kwenye orodha nozeli za petroli, pampu, filta na mfumo mzima wa gesi, bila kufungua skrubu hata moja.

Kipimo cha kuchomoa silinda moja moja kilifanywa kwenye petroli. Usichomoe waya wa plagi: cheche itatafuta njia nyingine, ikiwemo mkono wako, na mafuta mabichi yanakwenda kuunguza katalisti. Chomoa soketi ya nozeli, soma mizunguko ndani ya sekunde mbili tatu kabla ya vali ya sailensi kufidia, rudisha, subiri itulie, nenda inayofuata. Injini ikiwa baridi, kila silinda iliyochomolewa ilishusha mizunguko kati ya 110 na 130, na ya 3 ilikuwa ndani ya kiwango hicho. Ikiwa ya moto:

Silinda ya 1: ilishuka 115
Silinda ya 2: ilishuka 105
Silinda ya 3: ilishuka 25
Silinda ya 4: ilishuka 110

Silinda ya 3 ikiwa ya moto haichangii karibu chochote. Hapo vali ya sailensi inaondoka kwenye orodha, maana hewa yake inagawiwa silinda zote nne. Ikichafuka zinateseka zote kwa pamoja.

Cheche ilikaguliwa kwa kuhamisha. Plagi na waya wa 3 vilipelekwa 1, na vya 1 vikaja 3. Tatizo lilibaki 3. Waya ulipimwa kiloomu 9, na kikomo ni 25. Shimo la plagi lilikuwa kavu. Kwenye injini hizi angalia shimo hilo daima, kwani mipira ya mirija ya plagi chini ya kifuniko cha vali ikikauka, oili inajaa shimoni na cheche inavuja pembeni.

Kuvuja kwa hewa kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu ushauri unaozunguka hauhusu injini hii. Kwenye gari zenye sensa ya kupima hewa inayopita, hewa ya wizi haihesabiwi, mchanganyiko unakosa mafuta, injini inatetemeka. 5A-FE ya gari hii inapima shinikizo ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Hewa ikiingia baada ya troto (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli ya mafuta), shinikizo linapanda, kompyuta inalisoma na kuongeza mafuta, kwa hiyo matokeo ya kawaida ni sailensi kupanda. Kinachoweza kumisisha silinda moja ni hewa inayoingia kwenye njia ya silinda hiyo peke yake: mpira wa nozeli yake, gasketi ya manifoldi mahali pake, au tundu lililotobolewa kwa ajili ya bomba la nozeli ya gesi. Maeneo hayo matatu ya silinda ya 3 yalipuliziwa dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo, mbali na eksozi na kizima moto kikiwa karibu. Mizunguko haikubadilika, yaani hapakuwa na hewa ya wizi.

Geji ya vakyumu iliunganishwa moja kwa moja kwenye manifoldi. Baridi, sindano ilikaa inchi 18 za zebaki. Moto, ilikaa 17 ikidunda kushuka hadi 13 au 14 kwa mpigo wa kurudiarudia. Kwenye mizunguko 750 kila silinda ina zamu yake kama mara sita kwa sekunde, na mdundo wa sindano ulikuwa wa kasi hiyo: silinda moja, kila zamu yake. Anayepima Mbeya, Arusha au Nairobi asitegemee 18. Kila mita 300 za kupanda kutoka baharini zinakula takribani inchi 1 ya zebaki, hivyo kwenye mita 1,700 injini nzima husoma 12 hadi 16. Wako watu waliofungua injini nzima kwa kusoma geji ya Nairobi kwa kitabu cha Pwani.

Kompresheni, yaani shinikizo la kubana ndani ya silinda, ndiyo iliyotoa jibu, na ilitoa kwa sababu ilipimwa mara mbili. Plagi zote nne nje, soketi ya distribyuta imechomolewa ili cheche na mafuta vikatike pamoja, betri imejaa, pedeli ya mafuta imekanyagwa hadi chini, stata inazungushwa mpaka sindano iache kupanda. Kwa injini za familia hii namba ya kiwandani ni psi 191, ya chini kabisa inayokubalika ni 142, na tofauti kati ya silinda isizidi 14. Kwa kipimo cha moto, zima injini, subiri dakika tano, legeza plagi taratibu. Hedi ni alumini, na plagi iliyokwama ikilazimishwa inatoka na nyuzi za skrubu za tundu lake.

Baridi: 176, 178, 170, 175.
Moto: 180, 181, 126, 178.

Zitazame namba za baridi. Fundi aliyepima asubuhi angeandika "kompresheni nzuri" na angekuwa mkweli kabisa. Silinda tatu zilipanda kidogo zilipopata moto, moja ikaanguka psi 44. Kijiko kimoja cha chai cha oili kilimiminwa kwenye tundu la 3 na kupimwa tena: 129. Ringi zingekuwa ndizo zinazovuja, oili ingeziba na namba ingepanda wazi. Haikupanda, kwa hiyo tuhuma ikabaki kwenye vali au gasketi ya hedi.

Ili kuzitenganisha, silinda ya 3 iliwekwa juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, krenki ikashikiliwa isizunguke, na upepo wa kompresa ukaingizwa kupitia tundu la plagi. Sikiliza sehemu nne: troto, kijiti cha oili, rejeta, eksozi. Upepo kwenye troto ni vali ya kuingiza, kwenye kijiti cha oili ni ringi, mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Hapa ulisikika kwenye bomba la eksozi. Kisha ikatokea jambo la kuvutia: injini ilipoachwa ipoe huku upepo ukiendelea, mlio ulififia polepole, na ndani ya nusu saa ulikuwa mdogo sana. Vali iliyoungua na kumeguka huvuja baridi na moto. Inayovuja ikiwa ya moto tu inazuiwa isikae kitini, na mara nyingi kinachoizuia ni tapeti iliyobana, yaani mwanya kati ya kemshafti na tapeti inayosukuma vali umeisha.

Kifuniko cha vali kilifunguliwa injini ikiwa imelala usiku mzima, kwa kuwa vipimo vya tapeti ni vya baridi. Krenki ikiwa kwenye alama ya sifuri na silinda ya 1 kwenye kubana, unapima vali za kuingiza za 1 na 2 na za eksozi za 1 na 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, upime za kuingiza za 3 na 4 na za eksozi za 2 na 4. Kwa vali za kuingiza mwanya ni milimita 0.15 hadi 0.25. Kwa eksozi, vitabu vya matoleo mbalimbali ya familia hii vinatoa ama 0.20–0.30 ama 0.25–0.35. Ililengwa 0.30, namba inayoingia kwenye viwango vyote viwili na kuipa gari ya gesi nafasi ya ziada.

Vali mbili za eksozi za silinda ya 1 zilisoma 0.18 na 0.20; ya 2, 0.17 na 0.19, ya 4, 0.16 na 0.18. Ya 3 ilisoma 0.14, na mwenzake 0.03: fila (bamba la kupimia mwanya) nyembamba kuliko zote iliingia kwa kusukumwa. Za kuingiza zote zilikuwa kati ya 0.14 na 0.18. Yaani hakuna vali hata moja ya eksozi iliyofika 0.25. Zote zilikuwa zinaelekea kulekule. Ya 3 ilitangulia tu.

Hapa ndipo imani moja ya gereji inapogharimu watu. Tapeti ikigonga, kila mtu anasikia na gari inapelekwa kwa fundi. Tapeti ikinyamaza, watu hufurahi. Lakini kadiri vali na kiti chake vinavyolika, vali inazama ndani ya hedi, shina lake linasogea juu kuelekea kemshafti, na mwanya unapungua. Kimya kinaongezeka huku hatari ikiongezeka. Gesi asilia huharakisha hilo kwa kuwa ni kavu, haina ule ubichi wa petroli unaosaidia uso wa vali na kiti. Vali ya eksozi hupoa hasa kwa kugusa kiti chake. Ikinyimwa mguso huo, inazidi moto, shina linarefuka zaidi, mguso unapungua zaidi, mpaka ukingo wake uungue.

Na kwa nini inaonekana kwenye sailensi tu? Kwenye mizunguko 750, mpigo mmoja wa pistoni unachukua milisekunde 40. Kwenye 3,000 unachukua 10. Uwazi uleule una robo tu ya muda wa kuvujisha. Kuna la pili pia, ambalo kwa maoni yetu lina uzito zaidi: kwenye sailensi troto imefungwa na pistoni inavuta dhidi ya vakyumu kubwa, hivyo kupitia vali iliyo wazi kidogo inarudisha ndani moshi wa eksozi na kuchafua hewa kidogo iliyoingia. Ukikanyaga mafuta, vakyumu inashuka na moshi hauvutwi tena kwa nguvu ile. Ndiyo maana kukanyaga kidogo tu kulitosha kuituliza.

Marekebisho ni ya shimu, zile sahani za duara zilizokaa juu ya tapeti. Zinapatikana kuanzia milimita 2.50 hadi 3.30, kwa hatua za 0.05. Hesabu: unene wa shimu ya zamani, jumlisha mwanya uliopima, toa mwanya unaoutaka. Pima unene kwa maikromita, usiamini namba iliyoandikwa kama imefutika nusu.

Vali iliyobana ilikuwa na shimu ya 2.75. 2.75 + 0.03 − 0.30 = 2.48, ikawekwa 2.50, mwanya ukawa 0.28. Mwenzake, 2.80 + 0.14 − 0.30 = 2.64; ikawekwa 2.65. Vali ya silinda ya 1 iliyosoma 0.20 ilikuwa na 2.85, inahitaji 2.75, na 2.75 ilikuwa imeshatoka silinda ya 3. Andika kwanza hesabu zote kumi na sita kwenye karatasi ndipo uende dukani. Kuhamisha kunapunguza idadi ya kununua. Za kuingiza zilizosoma 0.14 nazo zilipunguzwa, nyingine zikaachwa. Kama fila haiingii kabisa, usikisie kuwa ni sifuri, kwa maana inaweza kuwa chini ya sifuri. Weka shimu nyembamba unayoijua, pima, halafu fanya hesabu.

Kuna kifaa maalumu cha kukandamiza tapeti ili shimu itoke kwa bisibisi ndogo na sumaku bila kufungua kemshafti. Ugeuze kwanza mkato wa tapeti uelekee upande wa plagi. Asiye nacho hufungua kemshafti, na hapo kuna mtego: gia ya pili yenye springi lazima ifungwe kwa bolti kabla, na kofia za beringi zilegezwe kidogo kidogo kwa zamu, la sivyo kemshafti inapinda na kuvunja kofia. Wakati wa kurudisha, bolti za kofia hukazwa kwa Nm 13, kwa hatua. Shimu za mitumba kutoka hedi zilizovunjwa, Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, zinafaa kabisa zikiwa laini na unene wake ni sawa pande zote. Usikubali shimu iliyosuguliwa kwenye jiwe la kunolea: uso wake mgumu umeondoka na unene hauko sawa.

Baada ya kufungwa na kupata moto, kompresheni ya 3 ilisoma 164, nyingine 178 hadi 182. Geji ya vakyumu ilitulia 19, na kuchomoa nozeli ya 3 kulishusha mizunguko 95. Taimingi ya cheche ilihakikishwa nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa. Gari ilisimama kwenye D na AC bila kutikisika, kwenye petroli na kwenye gesi.

Ile 164 haikufichwa kwa mwenye gari. Tofauti na silinda bora bado ni 18, zaidi ya 14 zinazoruhusiwa, maana uso wa vali ile ulishaanza kuungua. Isitoshe, 2.50 ndiyo shimu nyembamba ya mwisho. Vali hiyo haina tena nafasi ya kurekebishwa. Baada ya kilomita 10,000 kifuniko kinafunguliwa na eksozi zote nane zinapimwa. Ile ya 3 ikisoma chini ya 0.20, hedi inashuka, vali mpya inawekwa, na kiti kinachongwa au kinabadilishwa.